Sauti ya Mtu wa Pili

Yudith alikuwa amefika swali la kumi na tisa pale mumewe alipoamka katika chumba cha pili na kuanza kumwita.

"Bi."

Hakujibu. Msimamizi alikuwa amezisoma kanuni kabla ya kuanza, kwa Kiingereza cha haraka haraka kisha kwa Kiswahili cha polepole: mtahiniwa haruhusiwi kuzungumza, haruhusiwi kuondoa uso mbele ya kamera, haruhusiwi kuinuka kitini mpaka muda uishe. Kompyuta ilikuwa mezani, imeinuliwa juu ya sufuria iliyofudikizwa ili kamera impate sawasawa. Yeye alikuwa mbele yake, amevaa sare yake nyeupe ya kazini, ingawa hakuna aliyemwambia aivae.

"Bi. Bi."

Hilo ndilo neno pekee alilobaki nalo Alexander. Enzi ya uzima wake alikuwa akimwita mkewe Bi Mkubwa, mzaha wa mtu ambaye hajapata kuwa na bi mdogo, na kiharusi kilipompiga kilimpokonya maneno yote kikamwachia kipande hicho. Alikitumia kuombea maji, kulalamikia joto, kuuliza ni nani aliyebisha hodi. Yudith alikwisha kujua kuzipambanua sauti zake. Hii ya sasa ilikuwa ya haja ndogo.

Aliitupia jicho saa iliyokuwa ikihesabu kwa kurudi nyuma pembeni mwa skrini. Kwa makubaliano yao, Shemsa, mwenye nyumba, ndiye angekuwa huko ndani na mgonjwa. Lakini alfajiri ilikuja habari ya msiba Chumbageni, mke wa kaka yake Shemsa, na msiba haumngoji mtu amalize mtihani wake. Yudith alimpa mumewe dawa, akamlaza, akajipa moyo kwamba hulala mpaka jua lifike dirishani.

Sauti ilipanda. "Bi. Bi. Bi."

Alichagua jibu, akabofya, akaenda mbele. Swali lililofuata lilihusu mgonjwa wa kitandani, kwamba anapaswa kugeuzwa kila baada ya muda gani ili asipate vidonda. Aliliona lilivyo jepesi, akasogeza kipanya.

Kisha akasikia kishindo. Hakikuwa kikubwa, kama gunia lililoponyoka begani mwa mpagazi. Baada yake kukawa kimya.

Hapo aliinuka.

Alexander alikuwa ameanguka kati ya kitanda na ukuta, shuka limemviringa miguuni, suruali imelowa. Hakuwa ameumia. Yudith alipiga magoti, akampitisha mikono kwapani, akamwinua kwa namna alivyofundishwa akiwa msichana, mgongo wima, uzito kwenye mapaja. Mumewe alikuwa anatazama pembeni.

"Nilikusikia," alimwambia. "Nilikusikia tangu mwanzo, Baba Jeni."

Alimvua, akamfuta, akamvisha suruali nyingine. Aliporudi mezani skrini ilikuwa nyeupe, na katikati yake maneno machache: kikao chako kimefungwa na msimamizi.

*

Barua ya chuo ilimfikia kwenye simu siku chache baadaye, akiwa kazini Pongwe, katika zahanati ya mtu binafsi aliyoitumikia tangu Jenifa, bintiye, akiwa darasa la kwanza. Aliisoma amesimama karibu na sinki, kasha la baridi la chanjo bado liko mezani halijafungwa. Kwanza hakuielewa. Aliirudia taratibu, kwa midomo.

Walisema kwamba katika rekodi ya mtihani wake imesikika sauti ya mtu wa pili, ya kiume, ikitaja herufi B mara nyingi. Walisema katika maswali aliyoyajibu wakati sauti hiyo ikisikika, mengi alichagua B. Walisema baadaye mtahiniwa aliondoka mbele ya kamera bila ruhusa. Kwa hiyo anatuhumiwa kwa udanganyifu, na ataitwa mbele ya kamati, kwa njia ya mtandao, kujieleza.

"Kuna nini, dada?" aliuliza Anastazia, mwenzake wa zamu. "Umekuwa kama umepigiwa simu ya msiba."

"Wanasema Baba Jeni alikuwa ananitajia majibu."

Anastazia alicheka kidogo, akadhani ni utani. Alipomwona mwenzake hacheki, akalifunga lile kasha la chanjo yeye mwenyewe.

Habari haikukaa. Kabla ya mchana Timotheo, mwenye zahanati, alimwita ofisini. Alikuwa kijana wa kanisani kwao, mtu wa adabu, na adabu yake ndiyo iliyokuwa nzito.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Keti, mama. Nimesikia. Pole sana. Mimi siamini hata chembe." Alisogeza kalamu, akairudisha. "Ila na mimi unanijua nilivyobanwa. Wakaguzi wanataka kila zamu iwe na mwenye stashahada. Wewe una cheti cha zamani. Niliwaambia mama yuko masomoni, anamaliza. Sasa wakiuliza, niwaambieje?"

"Waambie nimeitwa kujieleza."

"Hilo nikiliandika litasomeka vibaya." Aliisogeza kalamu tena. "Kwa sasa, ukae mapokezi. Uandike wagonjwa wanaoingia. Mshahara tutauangalia. Si adhabu, mama. Usije ukaona ni adhabu."

Yudith alisema ahsante. Alishangaa baadaye, akivuka barabara, kwamba alisema ahsante.

*

Alipokubali kusoma alikuwa na miaka hamsini na mitatu na hajawahi kugusa kompyuta ila kuipangusa vumbi. Laptopu aliinunua imetumika, kwa pesa za kikoba. Mwanzoni hakujua kwamba kubofya mara mbili lazima kuwe kwa haraka. Alibofya, akangoja, akabofya tena kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe. Aliwahi kuandika kazi nzima ya kifamasia, jioni baada ya jioni, na umeme ulipokatika akagundua kwamba kuandika na kuhifadhi ni mambo mawili. Jenifa alimwelekeza kwa simu kutoka Arusha, akihema kwa kujizuia. "Mama, si hapo. Juu. Juu kulia. Mama, kulia kwako ni wapi?" Neno la siri alilisahau mara kadhaa, na kila alipolibadili mfumo ulimwambia ni dhaifu.

Aliyemsaidia kweli ni Shemsa. Watoto wake wote walikuwa Maskati, na kwa miaka kumi alikuwa akiwalea wajukuu kupitia kioo cha simu. Alijua kupiga video, kuzima sauti, kugeuza kamera, kumtoa mtu kwenye mazungumzo pasipo yeye kujua ametolewa. Jioni walikaa kibarazani Makorora, mwanamke wa Kiarabu wa miaka sitini na ushee na muuguzi wa Kisambaa, wameinamia simu moja.

"Usikiogope kitufe, Mama Jeni," alikuwa akimwambia. "Kitufe si nyoka. Ukikosea unarudi."

Lakini siku moja alikosea na hakukuwa na kurudi. Katikati ya kipindi Alexander alihitaji kubadilishwa. Yudith alizima kamera, akaenda. Maiki hakuizima. Darasa zima, vijana wapatao hamsini waliotawanyika nchi nzima, walimsikia akisema, "Inua kiuno kidogo. Bado. Inua, baba, umejichafua mpaka mgongoni." Alishtushwa na kicheko. Kilitoka kwenye spika, kikajaa nyumba. Mwalimu alisema, "Mama Yudith, zima maiki, tafadhali," naye akarudi mbio na mikono michafu, asijue aiguse vipi kompyuta.

Alexander alikuwa anasikia vizuri. Kiharusi hakikumgusa masikio. Tangu siku ile mgeni akibisha hodi aligeukia ukuta, na Eliudi, aliyefanya naye kazi ya ufundi wa korona, ule mtambo wa kukamua mkonge, alikuja mara mbili akaongea na mgongo wake, mara ya tatu hakuja.

*

"Mwoneshe," alisema Jenifa. "Mama, ni jambo dogo. Siku ya kikao geuza kompyuta, wamwone baba, wamsikie. Ndiyo ushahidi wenyewe."

"Nina cheti cha hospitali. Nitawatumia."

"Cheti kinasema anaumwa. Hakisemi kwamba 'bi' si herufi. Wakimsikia yeye mwenyewe imekwisha." Kisha, taratibu: "Mama, mimi natuma ninachoweza. Unajua. Ukikosa hiyo kazi, sijui."

Yudith alilijua hilo kuliko yeye. Mshahara wake ndio uliokuwa unalipa chumba, dawa za presha, na yule kijana wa mazoezi ya viungo aliyeacha kuja kwa kuwa malipo yalichelewa.

Jioni alimweleza Shemsa, aliyekuwa amerudi kutoka matangani na bado amejifunga kanga nyeusi.

"Hasha," alisema Shemsa. "Mtu hamfunui mumewe mbele ya watu. Utamwanika kama mkonge?"

"Hata cheti wanaweza wasikiamini."

"Wasiamini. Mimi ndiye mwenye kosa, wallahi. Ningekuwapo siku ile haya yasingekuwa."

"Ulikuwa msibani, Mama Himyar."

"Msibani, ndiyo. Maiti alikwisha kuwa maiti. Asingeniuliza mbona umechelewa." Alitikisa kichwa. "Lakini usimwoneshe. Mzee yule amebaki na nini? Amebaki na huo mlango wake anaoufunga."

Yudith alikwenda kwa Alexander, akakaa ukingoni mwa kitanda. Alimweleza yote bila kupunguza, kama alivyokuwa akiwaeleza wagonjwa waliotaka kujua. Kwamba wanamtuhumu. Kwamba ni kwa sababu ya sauti yake. Kwamba wakimwona huenda wakaelewa. Mwanga wa taa ulikuwa umemwangukia upande mzima wa uso, ule ambao bado ulikuwa wa Alexander, na kwa kitambo alionekana kama mtu atakayejibu kwa sentensi.

"Sikulazimishi," alisema. "Nakuuliza tu."

Mumewe aliutazama mkono wake mfu, akauinua kwa ule mzima, akauweka vizuri juu ya shuka. Kisha akageukia ukuta.

"Haya," alisema Yudith. "Tumeelewana."

Akaamua kwamba hatamwonesha.

*

Kamati ilikuwa ya watu watatu. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, mwingine ni mwalimu aliyekuwa akinywa kitu kwenye kikombe, na wa tatu kijana wa mifumo aliyejitambulisha kwa jina la Rahimu. Yudith aliingia kwa linki mwenyewe, akakubali kamera, akakubali maiki, na hakuna aliyejua kwamba ni mara ya kwanza anafanya yote hayo bila Jenifa kwenye simu. Spika za masikioni hazikuwa na maana tena. Moja ilikufa zamani. Aliziacha.

Alijieleza. Alisema mumewe anaumwa kiharusi, hawezi kusema, neno lake ni moja. Alisema cheti amekipakia.

"Tumekiona," alisema mwenyekiti. "Swali letu ni hili, mama. Kwenye mfumo, ukurasa wa maandalizi, kuna mahali mtahiniwa mwenye mgonjwa au mtoto nyumbani anatoa taarifa mapema. Ukitoa taarifa unapewa chumba kituoni kwetu hapo Tanga mjini. Hukuitoa. Kwa nini?"

"Sikupaona."

"Pana rangi ya machungwa."

"Nilipaona palipokuwa na rangi ya machungwa," alisema Yudith. "Pameandikwa kwa Kiingereza 'accommodation', yaani malazi. Nilidhani ni mahali pa kulala, kwa wanaotoka mbali. Mimi nina nyumba."

Mwalimu wa kikombe aliinamisha kichwa. Kama alicheka hakuonesha. Mwenyekiti aliandika kitu.

"Ungeuliza."

"Nilikwisha kuuliza mambo mengi, mwalimu. Mtu huchoka kuuliza."

Kisha mwenyekiti akamwambia Rahimu aoneshe rekodi, ili mtuhumiwa aone kinacholalamikiwa.

Yudith hakuwa amejiandaa kujiona. Kwenye skrini alitokea mwanamke mnene kidogo, mwenye sare nyeupe na mistari miwili kati ya nyusi, ametulia kama picha ya kitambulisho. Nyuma yake ilionekana kona ya kabati na pazia la chumba. Sauti ikaja, kavu, imekuzwa.

"Bi."

Mwanamke yule hakupepesa macho.

"Bi. Bi."

Akabofya.

"Bi. Bi. Bi."

Rekodi ilikuwa ndefu kuliko alivyoikumbuka. Siku ile alidhani alimwacha kwa muda mfupi, maswali mawili, matatu. Sasa aliliona pazia lile lisilotikisika, akaisikia sauti ikiomba, ikibembeleza, ikikasirika, ikiomba tena, na mwanamke wa sare nyeupe akisoma maswali ya uuguzi midomo ikimcheza. Alitaka kumwambia ainuke. Watu wa kamati walikuwa wanaitazama herufi B. Yeye aliutazama uso wake.

"Unasikia?" aliuliza mwenyekiti. "Ungekuwa wewe ndiye mimi, ungeamuaje?"

"Ningeuliza ni kwa nini hakuinuka," alisema Yudith.

Mwenyekiti hakuelewa, au alielewa akaliacha. "Mama, jambo hili linaweza kwisha sasa hivi. Huyo mgonjwa yupo hapo nyumbani? Tumwone tu, atamke hilo neno, Rahimu alinganishe sauti."

"Hapendi kuonekana."

"Ni kwa faida yako."

"Najua ni kwa faida yangu. Yeye hapendi."

Ndipo nyuma yake pete za pazia zilipokwaruza. Aliona kwenye skrini kwanza, kwenye kile kidirisha kidogo chenye sura yake, kabla hajageuka. Alexander alikuwa amesimama mlangoni. Fimbo ilikuwa katika mkono mzima. Bega lake jingine aliliegemeza kwenye mwimo wa mlango. Alikuwa na fulana na seruni aliyojifunga vibaya, inateleza kiunoni, na mguu mmoja peku. Alikuwa amesikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye spika. Hatua zile kutoka kitandani, ambazo kijana wa mazoezi alimsihi azijaribu mpaka akachoka, alikuwa amezitembea peke yake.

Yudith aliinuka, akamkimbilia, akamshika kiuno. Yeye alimsukuma kwa kiwiko, kidogo tu, na macho yake yalikuwa kwenye kompyuta.

"Huyu ndiye?" aliuliza mwenyekiti. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Shikamoo, mzee. Samahani kwa usumbufu. Unaweza kutuambia lile neno unalomwitia mama?"

Alexander alifumbua mdomo. Upande mmoja ulifuata, mwingine ukabaki. Mshipa wa shingo ulimsimama, mate yakamtoka, yakateremka kidevuni. Watu watatu walingoja. Mwalimu alikuwa ameweka kikombe chini. Hakuna kilichotoka.

"Usiwe na haraka, mzee," alisema Rahimu.

Alijaribu tena. Jasho lilimchuruzika. Neno ambalo alilisema asubuhi na jioni, ambalo alilisema usingizini, lilimkataa mbele ya wageni. Kikaja kitu kama pumzi ya mtu aliyebeba mzigo, na macho yakajaa.

"Labda kama mama utamsaidia," alisema mwenyekiti. "Mwelekeze atamke 'bi'. Mara moja tu, kwa ajili ya kumbukumbu."

Yudith alimfuta mumewe mate kwa kiganja. Akaenda mezani, akaizima kamera. Alijua sasa kilipo kitufe chake. Maiki akaiacha.

"Mmemwona," alisema. "Ametoka kitandani mwenyewe, kwa miguu yake, hajafanya hivyo tangu augue. Kusema hatasema. Mimi simwelekezi."

"Mama, hatuwezi kuandika kwamba tumethibitisha."

"Basi msiandike."

Akawaaga kwa heshima, kama inavyopasa, akasubiri waitike. Kisha akabofya kitufe chekundu.

Alexander bado alikuwa ameegemea mwimo. Seruni ilikuwa imeteleza kabisa, ameishikilia kwa fundo moja. Yudith alimfunga upya, akaikaza, akampitishia mkono mgongoni. Hawakurudi kitandani moja kwa moja. Alexander aliketi kwenye kiti cha mtihani, naye Yudith akakaa sakafuni karibu na mguu wake uliokuwa peku, akaupangusa vumbi.

"Siku ile ningekuja mara ya kwanza ulipoita," alisema. "Nilikuwa nataka kumaliza tu. Nilikuwa nimechoka nikataka kitu kimoja kiishe."

Mumewe aliweka mkono wake mzima kichwani pake. Ulikuwa mzito na una joto. Wakakaa hivyo mpaka Shemsa alipobisha kuuliza kwa nini nyumba iko kimya.

*

Uamuzi ulikuja kwa simu, akiwa mapokezi. Foleni ilikuwa ndefu, wengi akina mama na watoto wenye kikohozi. Aliufungua kati ya mgonjwa na mgonjwa. Kamati haikuthibitisha udanganyifu. Kamati vilevile haikuondoa shaka. Matokeo ya somo hilo yamefutwa. Mtahiniwa atarudia mtihani, na atabeba gharama.

Anastazia alichungulia dirishani. "Wamesemaje?"

"Nirudie."

"Wamekuonea."

"Ndiyo."

"Utarudia?"

Yudith aliingia kwenye mfumo kwa simu ileile, akatafuta ukurasa wa maandalizi, akakuta ile sehemu ya rangi ya machungwa ambayo haikumaanisha mahali pa kulala. Akaibofya. Mfumo ulimwuliza sababu. Aliandika kwa Kiswahili, maana hakukuwa na kanuni ya kukataza: nina mgonjwa nyumbani ambaye nalazimika kumjibu akiniita. Akakubali. Kisha akamwita mgonjwa aliyefuata, akamwuliza jina, umri, na anaumwa nini.

Timotheo alipita akamwambia kwamba maadam hakufukuzwa chuo, atamsubiri mpaka matokeo mapya, ila aendelee kukaa mapokezi. Yudith safari hii hakusema ahsante. Alisema amesikia.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kumwambia Alexander kwamba siku ya kurudia mtihani atakuwa kituoni mjini, hatakuwapo nyumbani. Shemsa alijitolea kukaa naye kama siku za kazi, lakini tangu mzee alipoinuka peke yake alimhofia: magoti yake yalikuwa mabaya, hangeweza kumwinua akianguka chumbani. Ilibidi mzee akae kibarazani, mahali ambapo Uweso, fundi cherehani wa nyumba ya pili, angesikia akiitwa. Kibarazani maana yake ni mtaani. Maana yake ni kila anayepita kwenda dukani au msikitini.

Alimwuliza jioni, na akajiandaa kuutazama mgongo wake. Alexander alikaa muda mrefu akiitazama dari. Kisha akanyoosha mkono kuelekea msumari wa ukutani ambako shati lake jeupe la kanisani lilikuwa limening'inia tangu augue.

Asubuhi ya mtihani alimnyoa. Alimvisha shati, akamfunga vifungo mpaka shingoni kama alivyopenda. Walitembea kutoka chumbani hadi kibarazani kwa mwendo wa watu wanaovusha kabati. Shemsa alikuwa ameweka kiti chenye mito na birika la kahawa, na Uweso aliinuka kwenye cherehani yake, akaja, akatoa mkono.

"Shikamoo, mzee. Umepotea sana."

Alexander aliutazama ule mkono. Akautoa wa kushoto, mzima, akashikwa. Lakini alipoketi alianza kuhangaika, akigonga mguu wa kiti kwa fimbo, uso umemwiva, na hakutulia mpaka Yudith alipofahamu anachotaka. Walikigeuza kiti kikatazama mlango wa nyumba, mgongo ukawa barabarani.

"Mwache," alisema Shemsa taratibu. "Leo ametoka. Inatosha."

Wapita njia walimwamkia mzee nyuma ya kichwa chake. Wengine hawakujua kama anawaitikia. Yudith alisimama kidogo na mkoba wake wenye kitambulisho na chupa ya maji, akimtazama shingo, mahali wembe ulipompita vibaya na kuacha alama nyekundu. Alikuwa amechoka na siku ilikuwa bado haijaanza.

"Nakwenda, Baba Jeni," alisema.

Kichwa kiliinama mara moja. Akashuka ngazi, akaelekea mjini.